Viini vya sufuria vina usumaku, vya nondo havina

Pale Buguruni kuna kijana anafanya kazi kwenye yadi ya skrepa, kamaliza form six PCM anasubiri mambo yake yakae sawa, na ana tabia ya kubishana sayansi na wateja mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Juzi kati alinikamata na hoja yake moja ambayo naona anaiamini kabisa, kwamba usumaku wa chuma unatoka kwenye kiini cha atomu. Anaijenga hivi: karibu uzito wote wa atomu uko kwenye kiini, nguvu zote za kutisha, bomu, mitambo ya nyuklia, jua lenyewe, zinatoka kwenye kiini, sasa sumaku itoke wapi kama sio huko huko? "Braza, elektroni haina hata uzito wa maana, itavutaje nondo?"

Sio hoja ya kijinga hiyo. Na kiukweli wengi tuliosoma fizikia ya sekondari tukibanwa kona hapo tunaanza kukohoa, maana kwenye vile vitabu sumaku inaanza na unga wa chuma juu ya karatasi, inapita kwenye domeni, inaishia kwenye kengele ya umeme, basi. Swali la kwa nini chuma kinashika na shaba haishiki linarukwa, utafikiri halijawahi kuulizwa na mtu. Kwa hiyo naandika kirefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka kwenye MRI, ile mashine ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Tuanze na kazi anayoifanya yeye mwenyewe kila siku. Mnunuzi wa skrepa anatembea na sumaku, mara nyingi ni ile duara nyeusi yenye tundu katikati iliyotolewa kwenye spika iliyokufa, imefungwa kamba. Mzigo ukiletwa anaipitisha juu yake kabla hata ya kugusa mizani: nondo inashika, bati linashika, sufuria ya alminiamu haishiki, waya wa shaba haushiki. Alafu linatolewa sinki la jikoni, stenlesi, linang'aa, na sumaku inapita juu yake bila kushtuka. Sasa stenlesi ya masinki mengi, ile ya gredi 304, ni chuma kwa kama asilimia 70, kromiamu kama 18 na nikeli kama 8. Asilimia 70 chuma! Viini vilivyomo humo ni vilevile vilivyomo kwenye nondo, protoni 26 kila kimoja, hakuna aliyevigusa, ila sumaku haishiki. Na uhondo zaidi uko kwenye kona za hilo sinki, pale ambapo bati lilikunjwa kwa nguvu kiwandani: ukiipeleka sumaku taratibu mpaka kwenye mkunjo unaweza kuisikia mkononi inanasa kidogo. Sinki moja, bamba moja, katikati haishiki, kwenye mkunjo inanasa. Kilichobadilika pale ni namna atomu zilivyojipanga baada ya kukunjwa, na hayo ni mambo ya elektroni na majirani zao, kiini hakishirikishwi kabisa.

Ushahidi wa pili uko kwa jamaa wanaofua patasi na shoka kwa mkaa na feni. Ingiza kipande cha nondo kwenye moto mpaka kiive chekundu vizuri, kikivuka digrii 770 hivi za Selsiasi sumaku haikitambui tena, ukikiacha kipoe kinarudi kushika. Nyuzi hizo zina jina la Pierre Curie, yule mume wa Marie, aliyeyafanyia kazi mambo haya mwaka 1895. Na kwa kiini cha atomu digrii 770 ni sawa na hakuna kitu, ili ukitikise kiini cha chuma kwa joto unahitaji mabilioni ya digrii. Kwa hiyo kama usumaku ungekuwa umefichwa kule ndani, moto wa mkaa usingeweza kuufikia.

Hapo kijana akaniambia sawa, basi ni elektroni, lakini bado hujanijibu kuhusu uzito. Na kwenye uzito ndipo hoja yake inapinduka kabisa. Kitu chenye chaji kikizunguka kinatengeneza usumaku, na kwa chaji ileile na mzunguko uleule wa kikwantamu, kadiri kitu kilivyo chepesi ndivyo usumaku wake unavyokuwa mkubwa. Uzito uko chini ya mstari kwenye fomula, unagawanya. Protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1,836, kwa hiyo kipimo cha usumaku cha huko kwenye kiini, wanakiita magnetoni ya nyuklia, ni kidogo kuliko kile cha elektroni, magnetoni ya Bohr, kwa mara hizo hizo 1,836. Wepesi wa elektroni ambao yeye anaudharau ndio unaoipa nguvu.

Elektroni inazunguka kiini, halafu ina na spini yake yenyewe, yaani kama vile inajizungusha, kitu ambacho Uhlenbeck na Goudsmit, vijana wawili wa Leiden kule Uholanzi, walikipendekeza mwaka 1925. Elektroni mbili zikikaa nafasi moja lazima spini zao zielekee kinyume, na usumaku wao unafutana. Atomu nyingi zikishaungana kutengeneza vitu, elektroni zake zinapata wenza na mchezo unaishia hapo, ndio maana meza haishiki, sahani ya udongo haishiki, na wewe mwenyewe hushiki. Chuma kwenye gamba lake la ndani kina elektroni ambazo hazijapata wenza, na kwenye kipande cha chuma kigumu kila atomu inabaki na usumaku wa kama magnetoni 2.2 za Bohr. Ila hata hiyo peke yake haitoshi, kuna metali kibao zenye elektroni pweke na hazishiki. Lazima atomu jirani zikubaliane kuelekea upande mmoja. Watu walidhani zinavutana kisumaku ndio zinapangana, ukipiga hesabu unakuta mvuto huo ni dhaifu mno, joto la kawaida tu lingeuvuruga. Heisenberg mwaka 1928 ndiye alieleza kwamba kinachozipanga ni msukumano wa kawaida wa umeme kati ya elektroni, ukichanganya na ile sheria ya Pauli inayozikataza elektroni zenye spini moja kukaa mahali pamoja: zikielekea upande mmoja zinakaa mbalimbali, na zikikaa mbalimbali zinapunguza gharama ya kusukumana. Kwa hiyo kinachoishikilia sumaku ya spika yako sio usumaku, ni umeme na sheria ya nani akae wapi. Mimi hii naiona ni moja ya vitu vitamu kabisa kwenye fizikia na inasikitisha kwamba mtu anaweza kumaliza form six bila kuisikia.

Sasa kiini chenyewe. Hapa ndipo nilipomwona kijana ananyamaza.

Chukua nondo. Katika kila atomu 100 za chuma karibu 92 ni za aina moja, chuma-56, protoni 26 na nyutroni 30. Kiini hiki hakina usumaku. Sio kidogo, hakina, sifuri kamili. Chuma-54 na chuma-58, navyo sifuri. Kinachobaki ni chuma-57, ambacho ni kama atomu 2 tu katika 100, hicho ndicho chenye usumaku wa kiini na wenyewe ni wa kimaskini, magnetoni ya nyuklia 0.09. Yaani lile jengo unaloliona linainuka lina tani na tani za nondo na viini vyake karibu vyote ni bubu.

Alafu geuka utazame vitu ambavyo sumaku ya spika ilivipita bila habari. Alminiamu ya asili ni ya aina moja tu, alminiamu-27, na kila kiini chake kina usumaku, magnetoni za nyuklia 3.64. Shaba ina aina mbili, 63 na 65, na zote mbili viini vyake vina usumaku. Kwa hiyo sufuria unayopikia wali imejaa viini vyenye usumaku kila kimoja, na nondo haina, ila sumaku inashika nondo inaiacha sufuria. Kama usumaku tunaoujua mtaani ungetoka kwenye kiini, biashara nzima ya skrepa ingegeuzwa juu chini.

Kwa nini chuma-56 kimenyamaza? Hapo ndo muundo wa kiini unapoingia, na hapo kijana alikuwa na haki ya kuuliza maana kuna uhusiano kweli, ila sio alioufikiria. Protoni na nyutroni nazo zina spini, na ndani ya kiini zinapenda kukaa mbilimbili, protoni kwa protoni, nyutroni kwa nyutroni, spini na mizunguko yao ikifutana. Kiini chenye protoni idadi shufwa na nyutroni idadi shufwa kinatulia kabisa, spini sifuri, na bila spini hakuna usumaku. Hakuna kiini cha aina hiyo kilichowahi kuvunja sheria hii kikiwa kimetulia. 26 shufwa, 30 shufwa, bubu. Kaboni-12 bubu, oksijeni-16 bubu. Ukiweka idadi witiri, mmoja anabaki bila mwenza, na usumaku wa kiini kizima unakuwa karibu kazi ya huyo mmoja. Mfano mzuri ninaoujua ni oksijeni-17: ina protoni 8 na nyutroni 9, zote nane nane zimejifunga, nyutroni moja imebaki nje. Nyutroni ikiwa peke yake huko angani ina usumaku wa magnetoni -1.91, na kiini kizima cha oksijeni-17 kimepimwa kikakutwa na -1.89. Chembe 17 humo ndani, na inayosikika ni moja.

Hilo la nane nane kujifunga sio bahati. Kuna namba ambazo kiini kikizifikia kinakuwa imara kuliko kawaida: 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126. Kwa miaka mingi watu walizijua bila kujua zinatoka wapi. Aliyezifungua ni Maria Goeppert Mayer, mwaka 1949, kule Chicago, na Hans Jensen na wenzake Ujerumani wakafika palepale kivyao. Huyu mama kwa miaka mingi alifanya fizikia kwenye vyuo vikubwa vya Marekani bila mshahara wa maana kwa sababu mumewe alikuwa ameajiriwa kwenye vyuo hivyo na sheria za kuzuia ndugu kuajiriwa pamoja zilikuwa kali. Inasimuliwa kwamba alikuwa anaongea na Enrico Fermi ofisini, simu ikamwita Fermi, na akiwa anatoka akamuuliza kama kuna dalili yoyote ya spini kufungamana na mzunguko. Mama alikuwa ameikalia hesabu hiyo muda mrefu kiasi kwamba swali moja lilitosha, kila kitu kikajipanga. Alipomweleza binti yake alitumia mfano wa ukumbi wa dansi la walzi: wachezaji wanazunguka ukumbi na huku kila mmoja anajizungusha mwenyewe, na wanaojizungusha kuelekea upande uleule wanaouzungukia ukumbi wanacheza kwa wepesi kuliko wanaojizungusha kinyume. Ndani ya kiini tofauti hiyo ni kubwa sana, na haitoki kwenye usumaku, usumaku ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, inatoka kwenye ile nguvu kali inayozishika protoni na nyutroni zisisambaratike. Nobel alipewa 1963, mwanamke wa pili kuipata ya fizikia baada ya Marie Curie wa 1903, na gazeti la mji aliokuwa anaishi likaandika kichwa cha habari kwamba mama wa San Diego kashinda Nobel. Mama wa San Diego! Utadhani alishinda bahati nasibu.

Kuna na kisa cha Otto Stern ambacho siwezi kukiacha. Miaka ya 1930 mwanzoni kila mtu aliamini anajua usumaku wa protoni ni kiasi gani, nadharia ya Dirac ilitoa jibu: magnetoni moja ya nyuklia, kwisha. Stern na wenzake Frisch na Estermann wakiwa Hamburg waliamua kuipima hata hivyo, na inasimuliwa wakubwa wa nadharia walimwambia anapoteza muda wake. Mwaka 1933 jibu likatoka: kati ya mbili na tatu. Leo tunajua ni 2.793. Na nyutroni, ambayo haina chaji kabisa na kwa mantiki hiyo ilipaswa kuwa na sifuri, ina hiyo -1.91. Namba hizo mbili zilikuwa zinapiga kelele kwamba protoni na nyutroni sio vitu vya msingi, zina vitu vingine ndani vyenye chaji vinavyozunguka, ila ilichukua mpaka 1964 kwa Gell-Mann na Zweig kuzipendekeza kwaki, ndizo hizo chembe za ndani. Nyutroni ina kwaki tatu ambazo chaji zake zikijumlishwa zinakuwa sifuri, lakini usumaku wao haufutani. Stern mwenyewe, akiwa Myahudi, aliondoka Ujerumani mwaka huohuo wa 1933, Nobel ikamkuta Marekani.

Sasa mtu atasema, usumaku mdogo hivyo una kazi gani. Nikamwambia kijana habari ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na mgongo, daktari akaandika MRI. Nilimsindikiza. Mlangoni akaambiwa avue bangili, hereni, pini za nywele, hata ushanga wenye kufuli ya chuma, akaulizwa maswali marefu kama aliwahi kuwekewa chuma chochote mwilini. Yeye kilichomsumbua ni kingine. "Mwanangu, hii si ndo ile mionzi ya kuunguza?" Nikamwambia hapana shangazi, hii haina mionzi ya eksirei, ni sumaku na redio tu. "Kwa hiyo na mimi nina sumaku mwilini?" Nikamjibu unayo, iko kwenye maji. Akafikiri kidogo akasema, "Ndo maana matatizo yote yananing'ang'ania mimi."

Na kweli anayo. Maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja. Oksijeni bubu, tumeshasema. Kaboni ya mafuta na nyama bubu. Lakini kiini cha haidrojeni ni protoni moja, haina mwenza wa kufutana naye, na usumaku wake wote wa 2.79 uko wazi. Ukimwingiza mtu kwenye mashine ya tesla 1.5, ambayo ni zaidi ya mara 20,000 ya usumaku wa dunia, protoni zake zinagawanyika, nyingine zinaelekea upande wa uga wa sumaku ya mashine, nyingine kinyume, karibu nusu kwa nusu, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kama protoni 5 tu katika kila milioni moja. Tano. Picha yote ya uti wa mgongo wa shangazi inatoka kwa hizo tano. Inawezekana kwa sababu mililita moja ya maji ina viini vya haidrojeni idadi yenye tarakimu 23, kwa hiyo tano kwa milioni ya hapo bado ni umati. Mashine inazitikisa kwa mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64, chini kidogo ya pale redio zetu za FM zinapoanzia kwenye 88, zikitikiswa zinajibu kwa masafa yaleyale, na jinsi zinavyotulia inategemea ziko kwenye mafuta, kwenye maji ya uti, au kwenye diski iliyochoka. Zile kelele za kugonga gonga zinazomtisha kila mtu ni koili za kubadilisha uga zinavyowashwa na kuzimwa haraka haraka, hakuna kinachovunjika humo.

Walioonyesha kwamba viini vya kwenye vitu vya kawaida vinaweza kusikilizwa hivi ni makundi mawili mwaka 1946, Purcell upande wa Harvard na Bloch upande wa Stanford, wakitegemea mbinu aliyoianzisha Rabi pale Columbia miaka ya 1930. Purcell na Bloch walikuwa wanataka kujua usumaku wa viini, mgongo wa shangazi haukuwemo kwenye mpango. Picha zilikuja baadaye, Lauterbur mwaka 1973 na Mansfield, Nobel yao 2003.

Kuna sehemu nyingine ambapo usumaku wa kiini unafanya kazi na watu hawajui: saa za atomu. Kiini cha siziamu-133, metali inayotumika kwenye saa hizo, kina protoni 55, yaani witiri, kwa hiyo kina usumaku, na elektroni yake ya nje ina wake. Zinaweza kuelekea pamoja au kinyume, na kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kunatoa wimbi la mitikisiko 9,192,631,770 kwa sekunde. Tangu 1967 hiyo ndiyo sekunde, haihesabiwi tena kwa dunia kuzunguka. Satelaiti za GPS zimebeba saa za namna hii, kwa hiyo boda akikufuata kwa app mpaka mlangoni Tabata kuna viini vyenye idadi witiri vimeshiriki.

Na ile chuma-57 niliyoiita maskini usiidharau. Rudolf Mössbauer aligundua mwaka 1958 jinsi kiini kilichoshikwa ndani ya kitu kigumu kinavyoweza kutoa na kumeza miali ya gama bila kurudi nyuma kama bunduki, na muda si mrefu chuma-57 ikawa ndiyo kipenzi cha mbinu hiyo. Unakitumia kiini kama shahidi aliyekaa katikati ya chuma: unamuuliza usumaku anaousikia pale alipo ni kiasi gani. Jibu lake kwenye chuma cha kawaida ni kama tesla 33, mara ishirini na zaidi ya ile mashine ya shangazi, na zote zinatoka kwa elektroni zinazomzunguka. Kiini hakitoi, kinapokea. Roboti mbili za NASA zilizotua Mars mwaka 2004, Spirit na Opportunity, zilibeba vifaa vya mbinu hii, na Opportunity ikakuta jarosaiti, madini ya chuma ambayo hayatengenezeki bila maji.

Kijana hakukata tamaa. "Kwa hiyo kiini hakiwezi kabisa kutengeneza sumaku yake?" Kinaweza, ila masharti ni ya ajabu. Kule Helsinki, miaka ya 1980 mwanzoni, walipoza shaba mpaka viini vyake vikajipanga vyenyewe kwa mpangilio, bila msaada wa elektroni kuwa na usumaku. Joto lililohitajika lilikuwa chini ya nanokelvini 58, yaani sehemu 58 za bilioni ya digrii moja juu ya sufuri kamili. Chuma kinavumilia mpaka kelvini 1,043, ndiyo ile 770 ya Selsiasi. Ukigawanya ni kama mara bilioni 18. Hiyo ndiyo tofauti kati ya usumaku wa elektroni na wa kiini ukiuweka kwenye kipimajoto. Na angalia, walitumia shaba, ile ile isiyoshika kwenye yadi.

Basi kiini hakivuti nondo. Lakini mimi naona swali lake lilikuwa na jibu la ndani zaidi ambalo hata yeye hakuliona, nalo ni kwamba kiini ndicho kinachoamua chuma kiwepo. Idadi ya protoni ndiyo inaamua idadi ya elektroni, 26 kwa 26, na ukiongeza protoni tatu tu ukafika 29 unapata shaba ambayo haishiki kabisa. Hilo moja. Lingine ni wingi. Nyota kubwa ikilipuka inatengeneza nikeli-56, protoni 28 na nyutroni 28, na 28 ni moja ya zile namba za mama Mayer, imejifunga pande zote mbili. Nikeli hiyo haidumu, nusu yake inageuka ndani ya siku 6 kuwa kobalti-56, na kobalti nusu yake inageuka ndani ya siku 77 kuwa chuma-56. Mwaka 1987 nyota ililipuka kwenye galaksi ndogo jirani yetu, ikaonekana kwa macho huku kusini mwa ikweta, na wanaastronomia waliona mwanga wake unafifia kwa mwendo uleule wa kobalti-56 inavyokufa. Walikuwa wanatazama chuma kinazaliwa. Karibu theluthi ya uzito wa dunia hii ni chuma cha namna hiyo, kingi kimezama katikati, na kule kuna joto la maelfu ya digrii, kimepita mbali ile 770, kwa hiyo sio sumaku ya kudumu hata kidogo. Ni chuma cha maji kwenye tabaka la nje la kitovu cha dunia kinachotembea na kubeba mikondo ya umeme, ndio kinachoizungusha sindano ya dira kwenye meli zinazoingia bandarini.

Na namba nyingine ya yule mama, 82, tunayo nyumbani. Sumaku kali za siku hizi, za kwenye simu, earphone, hard disk na mota za magari ya umeme, zimetengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, zilianza kutoka miaka ya 1980. Ngualla, mkoani Songwe, kuna mlima wenye madini adimu ambamo neodimiamu na praseodimiamu ndizo zinazotafutwa. Neodimiamu aina yake iliyo nyingi kuliko zote, ya 142, ina nyutroni 82. Praseodimiamu ya asili ni ya aina moja tu, 141, nyutroni 82. Nyota zinapopika elementi hizi polepole kwa kuongeza nyutroni moja moja, kiini kikifika 82 kinakuwa kigumu kumeza nyingine, kwa hiyo vinarundikana hapo. Usumaku wenyewe bado ni wa elektroni, mpangilio wa kiini umeamua tu mzigo uwe mwingi kiasi gani mlimani.

Kijana aliniuliza hizo sumaku za neodimiamu anazipataje, nikamwambia azitoe kwenye hard disk za kompyuta zilizokufa, kila moja ina vipande viwili mara nyingi, ila asizing'oe kwa bloa maana zile za kawaida zikivuka digrii 80 hivi zinaanza kupoteza nguvu na zikipoa hazirudishi yote. Atumie bisibisi bapa, na vidole viwe mbali vipande vikikutana.